Paka mzee hadeki: historia ya chakula laini, toka mto Nile hadi ziwa Kivu

Katika parsele nyingi za Bukavu, Goma na Uvira, paka hafugwi kwa urembo. Anafugwa kwa sababu ya panya, na mshahara wake ni mabaki: donge la bugali lililochovywa katika mchuzi, vichwa vya sambaza, ngozi ya samaki iliyobaki kwenye sahani. Kwa miaka mingi mpango huo unaenda vizuri. Kisha paka anazeeka. Meno yanang'oka, pua inapoteza nguvu, na siku moja ananusa chakula, anageuza kichwa na kwenda kulala. Watu wa nyumba wanacheka: "Huyu sasa anadeka."

Historia inaeleza jambo tofauti. Swali la chakula gani laini, chenye majimaji, kinaweza kukubaliwa na paka mchaguzi au mzee ni la zamani sana. Wamisri walikuwa na jibu lao, wachuuzi wa London walikuwa na lao, na viwanda vya Marekani na Japani vimepata mali nyingi kwa kulijibu. Lakini ndani ya historia hiyo kuna somo moja linalorudi kila mara: kupendeza ulimi wa paka ni kazi moja, kulisha mwili wake ni kazi nyingine. Kila mara watu walipochanganya kazi hizo mbili, paka ndio waliolipa. Na mara moja, watoto wa watu walilipa pia.

Mwindaji wa nchi kavu

Paka wa nyumbani anatokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama anayeishi hadi leo katika mbuga na nchi kavu. Mwaka 2004, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Mfaransa Jean-Denis Vigne walitangaza kwamba katika kisiwa cha Kipro, mahali panapoitwa Shillourokambos, walikuta mifupa ya paka aliyezikwa kando ya mtu. Kaburi hilo lina umri wa miaka 9,500 hivi. Kipro hakikuwa na paka-mwitu wake, kwa hiyo wanyama hao walivushwa na watu kwa chombo.

Sababu ya urafiki huo inaeleweka kwa kila mkulima. Watu walianza kuweka nafaka ghalani, panya wakaifuata nafaka, paka wakawafuata panya. Hakuna aliyemwalika paka. Alikuja mwenyewe kufuata chakula chake, na watu wakaona faida ya kumwacha abaki.

Chakula hicho ndicho kinachoeleza yote yanayofuata. Panya aliyekamatwa sasa hivi ana joto la mwili, ni nyama, na karibu asilimia 70 ya uzito wake ni maji. Paka anapomla, anakula na kunywa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana paka wengi hawana mazoea ya kwenda kwenye bakuli la maji: mababu zao walipata maji ndani ya mawindo, na figo zao zilizoea kuyabana. Basi paka anapokataa chakula kikavu na baridi, hadharau mwenye nyumba. Mwili wake unatafuta kitu kinachofanana na panya: chenye maji, chenye uvuguvugu, chenye harufu ya nyama.

Samaki chini ya kiti

Huko Thebes, Misri, katika kaburi la Nakht lililochorwa miaka 1,400 hivi kabla ya Kristo, kuna picha ya paka aliyeketi chini ya kiti akila samaki. Ni moja kati ya picha za zamani zinazoonyesha wazi paka akipewa chakula cha nyumbani, badala ya kukitafuta shambani.

Mwandishi wa Kigiriki Diodoro wa Sisilia, aliyefika Misri katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, aliacha maelezo ya namna paka wa huko walivyolishwa. Anaeleza kwamba watu walimega mkate ndani ya maziwa, wakawaita paka kwa kupiga ulimi, wakawatengea. Au walikata samaki wa mto Nile vipande vipande na kuwapa wakiwa wabichi. Alieleza pia kwamba alishuhudia Mroma mmoja akiuawa na umati wa watu kwa kosa la kumuua paka, ingawa Misri wakati huo ilikuwa inaiogopa Roma.

Kwa hiyo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita chakula laini cha paka kilikuwa tayari na sura mbili tunazozijua: kitu kilicholowekwa, na samaki aliyekatwa. Lakini hata hapo somo letu lilikuwa limeanza. Paka wengi wakubwa hawawezi kusaga vizuri sukari iliyo katika maziwa. Wanayapenda kwa ajili ya mafuta yake, kisha tumbo linaharisha. Na baadhi ya samaki wakiliwa wabichi mara kwa mara wanaharibu vitamini B1 mwilini. Ulimi ulishukuru. Tumbo lilinyamaza, halafu likalalamika.

Nyama ya farasi mitaani London

Katika karne ya 19, London ilikuwa inatembea kwa farasi. Walivuta mikokoteni, magari ya abiria na mizigo ya bandari, na walipochoka au kufa walipelekwa machinjioni. Nyama yao ilichemshwa, ikakatwa vipande, ikachomekwa kwenye vijiti na kuuzwa nyumba kwa nyumba. Wauzaji hao walijulikana na kila mtaa. Mwandishi wa habari Henry Mayhew, aliyechunguza maisha ya maskini wa London, aliwaeleza katika kazi yake ya mwaka 1851. Kila mchuuzi alikuwa na njia yake na wateja wake, na paka walimjua kwa sauti yake, wakamfuata barabarani kama vifaranga wanavyomfuata kuku.

Tazama jambo hili: nyama ile ilikuwa mabaki ya jiji, kitu ambacho Waingereza wenyewe hawakukipenda mezani. Lakini ilikuwa nyama, ilikuwa imechemshwa, ilikuwa laini. Paka wa mama mjane na paka wa tajiri walikula kijiti kilekile. Wakati huohuo, mwaka 1860 hivi, Mmarekani James Spratt alianza kuuza biskuti za mbwa huko London. Paka hawakuvutwa haraka na biskuti. Biashara ya vijiti iliendelea hadi ndani ya karne ya 20.

Mkebe unaingia jikoni

Baada ya vita vya kwanza vya dunia, matrekta na malori yalianza kuchukua kazi ya farasi. Huko Rockford, katika jimbo la Illinois, Marekani, kampuni ya ndugu wa ukoo wa Chappel ilianza mwaka 1922 kuweka nyama ya farasi kwenye mikebe kwa ajili ya mbwa. Katika miaka ya 1930 ikaongeza mikebe ya paka. Kwa mara ya kwanza chakula chenye majimaji kingeweza kukaa miezi kabatini bila kuoza.

Vita vya pili vilivunja mpango huo. Mwaka 1942 Marekani ilihitaji bati kwa ajili ya jeshi, na chakula cha wanyama hakikuhesabiwa kuwa kitu cha lazima. Viwanda vikageukia chakula kikavu. Baada ya vita teknolojia iliendelea: mwaka 1957 kampuni ya Purina ilitoa chakula cha mbwa kilichotengenezwa kwa mashine ya kusukuma na kuvimbisha unga, na njia hiyo ikafika pia kwa paka. Chakula kikavu kilikuwa rahisi kubeba, rahisi kumimina, na bei yake ilikuwa nafuu. Kilikuwa na maji asilimia 10 hivi tu, wakati mkebe ulikuwa na asilimia 75 au zaidi. Kwa mwenye nyumba, hiyo ilikuwa maendeleo. Kwa paka, ilikuwa safari ya mbali sana kutoka kwa panya.

Mkebe ulirudi kwa msaada wa bahari. Viwanda vilivyotia samaki tuna kwenye mikebe kwa ajili ya watu vilichukua minofu meupe, na nyama nyekundu iliyobaki ikawa chakula cha paka. Paka waliipenda mno. Lakini katika miaka ya 1950 madaktari wa wanyama walianza kuona paka waliolishwa tuna nyekundu karibu peke yake wakiugua: mafuta ya mwili yanavimba, ukiwagusa wanalia kwa maumivu. Chanzo kilikuwa mafuta mengi ya samaki pamoja na ukosefu wa vitamini E. Paka hao hawakulazimishwa. Walikula walichokipenda.

Basi mwishoni mwa miaka ya 1960 kuchagua-chagua kwenyewe kukawa bidhaa. Chapa ya 9Lives, mali ya kampuni ya tuna ya StarKist, ilimchukua paka mwekundu aliyeokotwa katika makao ya wanyama karibu na Chicago, ikampa jina Morris na kumweka kwenye televisheni. Kazi yake ilikuwa moja: kudharau kila chakula isipokuwa cha 9Lives. Wamarekani walimpenda sana. Mwaka 1982 ikafuata chapa ya Fancy Feast, mikebe midogo ya gramu 85, mlo mmoja kwa mkebe, kama vile paka ameketi hotelini. Toka hapo anayeuza hakuuza tena nyama tu. Aliuza furaha ya kumwona paka anakubali.

Moyo uliochoka

Mwaka 1987, daktari wa wanyama Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo yaliyoshtua biashara hiyo. Paka waliokuwa wakila vyakula vya kununua, vilivyoandikwa kuwa kamili, walikuwa wanaugua moyo. Misuli ya moyo ililegea, moyo ukatanuka, ukashindwa kusukuma damu. Watafiti waligundua kwamba damu ya paka hao ilikuwa na upungufu wa taurini, kitu kinachopatikana katika nyama na samaki, ambacho mwili wa paka hauwezi kukitengeneza kwa kiasi cha kutosha. Walipowapa taurini, wengi wa paka waliodumu katika matibabu mioyo yao ilipata nafuu.

Hatari hii haikuwa mpya kabisa. Mwaka 1975 mtafiti K. C. Hayes na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba paka wakikosa taurini wanaharibika macho hadi upofu. Viwanda vilikuwa vinahesabu taurini, lakini namna ya kutengeneza chakula, hasa cha mkebe, ilifanya kiasi kilichoonekana cha kutosha kwenye karatasi kisitoshe ndani ya paka. Baada ya mwaka 1987 viwanda viliongeza taurini, na ugonjwa huo ukapungua sana.

Paka waliokufa kabla ya hapo walikuwa wanakula vizuri. Sahani zao zilirudi tupu. Hakuna aliyewashuku.

Unga wa uongo

Miaka 20 baadaye likaja pigo jingine. Mwezi Machi 2007 kampuni ya Menu Foods ya Kanada, iliyotengeneza chakula laini kwa niaba ya chapa nyingi, ilirudisha kutoka sokoni mikebe na pakiti zaidi ya milioni 60. Paka na mbwa walikuwa wanakufa kwa figo. Wengi wao walikuwa wamekula aina ya vipande vilivyo ndani ya mchuzi mzito, ile ambayo wanyama wachaguzi huipenda.

Mchuzi ule ulitiwa uzito kwa gluteni ya ngano iliyotoka China. Ndani yake kulikuwa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Ujanja wake ni huu: maabara hupima protini kwa kuhesabu naitrojeni, na melamini ina naitrojeni nyingi. Ukiichanganya na unga hafifu, kipimo kinasema kuna protini nyingi, na bei inapanda. Katika figo za wanyama, melamini ilijiunga na kemikali nyingine ya jamii yake, ikageuka kuwa chembe ngumu zilizoziba njia ya mkojo.

Mwaka uliofuata, 2008, melamini ileile ilipatikana katika maziwa ya unga ya watoto nchini China. Watoto karibu 300,000 waliugua, na sita walifariki. Ujanja ulikuwa mmoja, figo zilikuwa zilezile. Bakuli la paka lilikuwa limeonya mwaka mmoja mapema, lakini onyo hilo halikutosha kuwalinda watoto.

Kifuko cha gramu 14

Leo jibu linalojulikana zaidi duniani kwa paka mchaguzi linatoka Japani. Kampuni ya Inaba, ya mkoa wa Shizuoka, ambayo ina historia ndefu ya samaki wa mkebe, ilitoa mwaka 2012 kionjo kinachoitwa Churu: rojo laini la samaki au kuku ndani ya kifuko chembamba cha gramu 14. Mtu anakifungua, anakikamua taratibu, na paka analamba moja kwa moja. Hakuna kutafuna. Paka asiye na meno anakila sawasawa na kijana.

Sayansi nayo imeanza kueleza kwa nini paka wanakimbilia vitu kama hivyo. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba paka hawasikii utamu wa sukari kabisa, kwa sababu jeni moja ya kipokezi cha utamu imekufa katika ukoo wao. Mwaka 2023 watafiti wa kituo cha Waltham, Uingereza, walionyesha kwamba ulimi wa paka umeumbwa kuisikia umami, ile ladha nzito ya supu ya nyama, na kwamba mchanganyiko waliovutiwa nao ni ule unaopatikana kwa wingi katika samaki tuna. Yule paka aliyechorwa chini ya kiti huko Thebes alikuwa na ulimi wa namna hiyohiyo.

Lakini kifuko hicho ni kionjo, si mlo. Kimetengenezwa ili kipendwe. Kinafaa kumfungua hamu paka aliyegoma, au kumfichia dawa. Kumlisha kionjo peke yake ni kurudia kosa la tuna nyekundu kwa bei ya juu.

Na huku ziwani

Huku Kivu, mikebe michache inayofika katika maduka makubwa inawashinda wakaaji wengi kwa bei. Paka wa huku anategemea ziwa. Na chakula chake hicho nacho kina historia, tena fupi kuliko wengi wanavyodhani. Sambaza hawakuwa katika ziwa Kivu tangu zamani. Waliletwa na utawala wa Wabelgiji kati ya mwaka 1958 na 1960 kutoka ziwa Tanganyika, ambako ni jamaa ya ndagala. Waliongezeka, na leo wanavuliwa usiku kwa taa, kwa mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti. Bibi aliyefuga paka Bukavu mwaka 1950 hakuwa na sambaza wa kumpa.

Sambaza anafaa sana kwa paka mzee, ikiwa historia yote hii itakumbukwa wakati wa kupika. Achemshwe kwa maji matupu, bila chumvi, bila mafuta. Kitunguu na kitunguu saumu vikae mbali kabisa, kwa maana vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kwa hiyo mchuzi wa chungu cha familia haumfai. Kuchemsha kunaondoa hatari ya samaki mbichi kuharibu vitamini B1. Lakini kunasukuma taurini nyingi iingie katika maji, kwa hiyo maji hayo yasimwagwe: asagiwe samaki ndani yake mpaka iwe rojo, miiba mikubwa ikitolewa. Makayabo hayafai, kwa sababu ya chumvi. Sardini ya mkebe yenye nyanya na pilipili haifai pia.

Rojo hilo apewe likiwa na uvuguvugu, kama mwili wa kuku anayetotoa. Joto linaamsha harufu, na paka mzee mwenye pua dhaifu anakula kwa harufu kwanza. Apewe kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku, katika sahani pana isiyogusa ndevu zake. Siku nyingine abadilishiwe: moyo wa kuku au wa ng'ombe uliochemshwa na kukatwakatwa, ambao una taurini nyingi, au yai lililoiva. Maini apewe kwa kiasi kidogo sana, kwa maana vitamini A ikizidi inaumiza mifupa ya shingo na ya mgongo. Samaki peke yake kila siku, mwaka mzima, ni ile tuna nyekundu ya miaka ya 1950 katika sura nyingine.

Na kuna wakati ambapo jikoni hakuna jibu. Paka anayekataa kula anaweza kuwa na jino bovu, kidonda mdomoni, au figo zilizochoka, ugonjwa wa kawaida sana kwa paka wazee. Akikunywa maji mengi kuliko zamani huku anakonda, hiyo ni dalili. Tena mwili wa paka hauvumilii njaa kama wa mbwa: akikaa siku chache bila kula, hasa akiwa mnene, mafuta yanajaa katika ini, na hapo anaweza kufa hata kama ugonjwa wa kwanza ulikuwa mdogo. Zikipita saa 24 hajagusa kitu, ni wakati wa kumtafuta veterinere. Zisipite siku mbili.

Mnyama huyu alikuja kwetu akifuata panya na hajawahi kubadilisha anachotaka: nyama, maji na uvuguvugu. Waliobadilika ni watu wanaomlisha, mara kwa upendo, mara kwa faida. Sahani ikirudi tupu, anayelisha aulize kilichokuwa ndani yake. Ikirudi imejaa, amwangalie paka mdomoni kabla ya kumcheka.